Pini Moja, Ekari Ishirini

Mwezi wa tisa Rowena Keirle aliwadanganya wateja wake wote kwa ujumbe mmoja. Aliandika kwenye grupu la WhatsApp: "Bei haipandi. Nyasi zimo humo humo kwenye bei, kama siku zote. Msiniulize tena." Wakamjibu kwa mioyo myekundu. Mmoja akaweka picha ya farasi anayekata mauno.

Sehemu ya bei ilikuwa kweli. Sehemu ya nyasi ilikuwa uwongo mtupu.

Rowena ana bweni la farasi hapa Withyholt, Somerset, Uingereza, na mimi ni jirani yake. Wewe una farasi lakini huna shamba, unaishi ghorofani na mume na paka. Basi farasi unampeleka kwa Rowena. Unalipa kwa mwezi, yeye anamlaza, anamlisha, anamfokea akizingua, na Jumamosi unakuja na karoti kumwambia mnyama kwamba umemkumbuka sana. Farasi wako kumi na wanne. Wenye farasi nao ni kumi na wanne, na ukiniuliza nani wanasumbua zaidi, nitacheka tu.

Ana miaka sitini, mfupi, mabega kama ya mbeba mizigo, na koti moja la kijani ambalo mifuko yake imejaa kamba za kufungia marobota ya nyasi. Kamba hizo ndizo fundi wake: lango limelegea, kamba, toroli limekatika mshipi, kamba, siku moja nilimwona amefungia kamba suruali yake na bado akaenda nayo benki. Alifanya kazi miaka kumi na minane kiwanda cha pombe ya tofaa, kupanga chupa kwenye makreti. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walichukua kiinua mgongo wakaenda Hispania kuota jua. Yeye akakodi mabanda ya ng'ombe yaliyotelekezwa, paa limetoboka, kijiji kizima kinamcheka. Hiyo ni miaka ishirini na sita iliyopita. Waliomcheka sasa wanamletea farasi wa watoto wao.

Watu wanadhani kazi ya farasi ni kupanda farasi. Rowena hajapanda farasi tangu goti lake likatae. Kazi ya farasi ni nyasi. Kiangazi unakusanya nyasi, baridi unazigawa, na kati ya hapo huna maisha. Yeye hupima kila wavu wa nyasi anaomtundikia farasi kwa mzani wa ndoano, ule wa wavuvi, kilo tano kamili, na ukizidisha konzi moja anakuona kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Rowena, mpenzi, Toffee analia njaa," Saskia alimwambia asubuhi moja. Saskia ni msaidizi wa daktari wa meno, ana kafarasi kafupi kenye tumbo kama pipa. Na hilo neno mpenzi lisikuchanganye. Huku kila mtu ni mpenzi, hata polisi anayekuandikia faini.

"Toffee analia tabia," Rowena akajibu bila kuinua macho kwenye mzani.

"Ila wavu umekuwa mwepesi, si kweli?"

"Wewe ndiyo umekuwa na misuli. Hongera."

Saskia akacheka akaondoka. Rowena hakucheka.

Maana mwaka huu mvua ilikataa kuanzia Aprili mpaka Julai. Somerset! Mahali ambapo hata taulo halikauki! Nyasi za kukata zikatoka nusu, na robota lililokuwa pauni nne na nusu likafika nane, na muuzaji bado anakuangalia kama anakufanyia hisani. Rowena alinunua alichoweza: marobota mia sita. Farasi kumi na wanne wanamaliza marobota saba kwa siku. Sihitaji kuwa profesa, wala wewe. Ukianza tarehe mosi Novemba, tarehe ishirini na sita Januari unaamka na ghala tupu, barafu nje, na vichwa kumi na vinne vimetoka madirishani vikikupigia kelele.

Na ghala lilikuwa linaonekana. Hapo ndipo alipofanya jambo lililoniacha mdomo wazi. Jumapili moja alinipa glavu akasema, "Njoo unisaidie, na ufunge mdomo." Tukapanga marobota kama ukuta mlangoni mwa ghala, kutoka sakafuni mpaka kwenye paa, safi, yamebanana. Ukipita unasema, lo, huyu mama kajaza! Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na safu chache, kisha uwazi ambamo ungeweza kucheza badminton.

"Kwa nini usiwaambie tu?" nikamuuliza.

"Miaka mitatu iliyopita nilipandisha bei pauni kumi. Watatu wakahama, wakaenda kule juu kwenye mabanda yenye kamera na mashine ya kahawa." Akapiga robota goti. "Nikiwaambia sasa, wanaondoka wote kabla ya Krismasi. Nikinyamaza, nina mpaka Januari kutafuta dawa."

"Dawa gani?"

Akanyoosha kidole mlimani.

Mlima wenyewe ni kilima tu, lakini huku chini kwetu ni tambarare inayojaa maji kila baridi, kwa hiyo chochote kilichoinuka ni mlima. Pale juu kuna malisho ya kanisa. Ekari ishirini, kanisa huzipumzisha kila mwaka, hazijakanyagwa na mguu wa mnyama tangu Julai, nyasi zimesimama mpaka gotini, zimeanza kuwa njano kichwani lakini chini bado zina uhai. Ardhi kavu, haigeuki uji. Ukiweka farasi pale mchana na kuwarudisha ndani jioni, nyasi za ghalani unatoa nusu. Nusu! Mia sita zile zinakufikisha mwisho wa Machi, na Aprili majani mapya yanatoka yenyewe bure. Hakuna farasi anayeondoka. Hakuna anayejua kwamba kulikuwa na tatizo.

Ila malisho ya kanisa hayakodishwi kwa simu. Yanakodishwa kwa mshumaa.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, saa sita mchana, ukumbi wa kanisa. Mapazia yamefungwa ili upepo usiingize mkono. Mezani sahani, juu ya sahani mshumaa, na kwenye ubavu wa mshumaa, kama nusu kidole chini ya utambi, imechomekwa pini. Mshumaa unawashwa, watu wanataja bei. Pini ikidondoka, aliyetaja bei ya mwisho ndiye mwenye malisho mwaka mzima. Nyundo ya mnada hakuna, wala kuhesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kila mwaka kwa miaka kumi na moja aliyeshinda ni Clifford Hembrow, mfuga kondoo. Mtu mkubwa, mwekundu, sauti yake inafika kabla yake. Alikuwa anachukua kwa pauni mia sita, mia saba, kwa sababu wengine walichoka kushindana naye. Siku hiyo alikaa safu ya mbele, miguu ameitandaza kana kwamba ukumbi ni sebule yake.

Rowena akaingia amevaa koti lile lile. Hakuwahi kushiriki hata mara moja. Nilikuwa nyuma yake, na Saskia pembeni yangu, amekuja kwa umbea tu. Pembeni ya Saskia alikaa Lionel Pike, dereva wa basi mstaafu, mwenye farasi anayeitwa Bosun, mkubwa kama kabati la nguo. Lionel huja kila mwaka kwa sababu baada ya mnada kunatolewa mikate ya nyama ya nguruwe na vitunguu vya siki. Alikuwa ameshafumba macho.

"Rowena!" Clifford akageuka. "Umepotea njia, mpenzi? Mazoezi ya kwaya ni Alhamisi."

"Nimekuja kuona kisogo chako. Watu walisema kimepata upara."

Ukumbi ukacheka. Clifford akajishika kisogo kabla hajajizuia, wakacheka zaidi.

Bi Avis Tuckett, mweka hazina wa kanisa, akagonga meza. Huyu mama alifundisha hesabu shule ya msingi miaka arobaini, na nusu ya watu pale ndani bado wanamwogopa. Akasoma sheria kwa sauti ile ile ya darasani: "Mshumaa ukishawaka, hakuna kusimama. Hakuna kusema neno lolote isipokuwa bei. Atakayesimama au kusema kitu kingine ametoka, na bei yake imefutwa. Sitaki maswali. Lionel, fungua macho."

"Yako wazi kwa ndani," Lionel akasema.

Kiberiti. Moto. Kimya.

Nakwambia, nimeangalia fainali za mpira, nimesubiri matokeo ya mtihani, sijawahi kusikia moyo wangu vile. Kwa ajili ya nyasi!

Mtu wa kijiji cha jirani akaanza: "Mia nne." Clifford: "Mia tano," bila hata kuhangaika. Rowena: "Mia sita." Vichwa vikageuka. Clifford akaondoa miguu aliyoitandaza, akakaa sawa. Mia saba. Mia saba na hamsini. Yule wa jirani akafika mia nane akakunja mikono. Wakabaki wawili.

Nta ikaanza kulainika. Mia tisa. Mia tisa na hamsini. Clifford kila akitaja bei anaangalia dari, Rowena kila akitaja anaangalia pini. Mwisho wake ulikuwa elfu moja na mia tano, akiba yote, iko kwenye bahasha ndani ya koti pamoja na zile kamba. Aliniambia asubuhi, akaniapisha nisimwambie mtu.

"Elfu moja," akasema Clifford.

"Elfu na hamsini."

"Elfu na mia moja na ishirini."

"Elfu na mia moja na hamsini," akasema Rowena, na hapo hapo pini ikainama.

Ikainama, nakwambia! Kichwa chake kikashuka kama mtu anayesinzia kwenye ibada. Clifford akafungua mdomo, akaufunga, anahesabu kichwani, kondoo mia mbili na kumi mara sijui nini. Pini ikashuka tena kidogo. Bei ya Rowena ndiyo iliyosimama. Sekunde tatu tu. Sekunde tano tu. Saskia amening'ang'ania mkono mpaka kucha zikaingia. Pini inaning'inia kwenye tone la nta, inataka kudondoka, haidondoki, inataka, haitaki.

Na Rowena, mwanamke aliyeingiza farasi wabishi kwenye magari ya kusafirishia kwa miaka ishirini na sita, anayejua kwamba mnyama akisita na mguu mmoja juu ya ubao wa kupandia unamhimiza taratibu, akainama mbele, akapiga ulimi kwenye kaakaa, kle, kle, kle, na kusema kwa sauti tamu kabisa:

"Haya, twende mama. Twende. Usiogope."

Aliiambia pini.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu Clifford akaelewa. Akamnyooshea Rowena kidole, mashavu yamevimba, macho yanataka kuruka, na hawezi kusema chochote kwa sababu akisema naye ametoka! Akawa anachoma hewa kwa kidole, anaonyesha mdomo wake, anaonyesha mshumaa, anakoroma puani kama birika. Mtu wa nyuma alilazimika kujiuma kola.

"Rowena Keirle," akasema Bi Avis, ambaye ndiye pekee mwenye ruhusa ya kusema, "umetoka. Bei inarudi kwa Clifford, elfu na mia moja na ishirini."

Uso wa Rowena ulibadilika polepole, kama mtu aliyegundua amefunga gari na funguo ziko ndani. Aliangalia mikono yake. Mimi nilikuwa naona Januari tu: magari kumi na manne yanaingia uwanjani, milango inafunguliwa, farasi mmoja mmoja anapandishwa, na yeye amesimama na mzani wake wa ndoano.

Na pini, mjinga yule, bado inaning'inia.

"Elfu na mia moja na hamsini."

Sauti ilitoka pembeni ya Saskia. Lionel! Macho bado amefumba nusu, mikono tumboni.

Clifford akageuka kiti kikalia. Hakuweza kuuliza wewe umetoka wapi. Alichoweza ni kutaja bei. "Elfu na mia mbili!"

"Mia mbili na hamsini," akasema Lionel, kama anayetangaza kituo kinachofuata.

"Mia tatu!"

"Mia tatu na ishirini."

Miaka thelathini na moja kwenye usukani, Lionel ametukanwa na walevi, watalii na wanafunzi, hakuna aliyewahi kuona uso wake unasema kitu. Clifford alimkodolea, anatafuta ukomo wake uko wapi. Kumsoma Lionel ni kama kusoma mlango. Nta ikavuta uzi. Clifford akaamua, akavuta pumzi, "Elfu moja mia tatu na ham..."

Tin.

Kasauti kadogo kwenye sahani. Ungeangusha sindano ya kushonea ungesikia vile vile.

Ukumbi ukalipuka. "Nilishasema!" Clifford amesimama. "Nilishasema bei kabla haijadondoka! Mia tatu na hamsini! Kila mtu amesikia!"

"Nimesikia mia tatu na ham," akasema Bi Avis. "Ham ni ngapi, Clifford?"

"Avis, usinifanyie..."

"Nilikufundisha mwenyewe. Bei nusu siyo bei. Malisho ni ya Lionel Pike, pauni elfu moja mia tatu na ishirini. Kaa chini, mikate inapoa."

Saskia alipiga yowe ambalo nadhani kondoo wa Clifford walilisikia. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya kiti, sijui nilipandaje. Rowena peke yake hakupiga kelele. Alimgeukia Lionel akamuuliza kwa sauti ya chini, "Umefanya nini wewe? Unataka ekari ishirini za nini?"

"Tutoke nje," Lionel akasema. "Chukua kwanza mkate wako."

Tukatoka, sisi wanne, tukasimama kwenye ukuta wa makaburi, kila mtu na mkate wake wa nyama mkononi. Lionel akatafuna, akameza, akafuta masharubu.

"Nyuma ya ule ukuta wa marobota," akasema, "kuna nini?"

Rowena akajitia kutafuna.

"Maana wiki tatu zilizopita nilikuwa namtafuta yule paka wako mwenye jicho moja. Nikapita nyuma, nikaita, na sauti yangu ikanirudia. Ghala lililojaa halirudishi sauti, mpenzi."

"Marobota ni mia sita tu," Rowena akasema, na ilimtoka kama jino. "Yangeisha tarehe ishirini na sita Januari."

"Mia sita?" Saskia akaacha kutafuna. "Uliandika nyasi zimo! Nilikutumia moyo!"

"Niliuona."

"Na Januari ungetuambia nini? Asanteni kwa mioyo, njooni mchukue wanyama wenu?"

"Januari ningekuwa na malisho haya!"

"Kama usingeanza kuzungumza na pini!"

Hapo Rowena akacheka. Alianza vibaya, kama kikohozi, halafu ikamzidi akashika ukuta. "Ilisita," akasema huku anafuta macho. "Mliiona ilivyosita? Mguu mmoja juu ya ubao kabisa. Ningefanya nini?"

Tukacheka mpaka Bi Avis akatoa kichwa dirishani kutukumbusha kwamba mahali tulipo watu wamelala.

Kisha wakagombana, na ugomvi ulikuwa mzuri. Rowena akatoa bahasha akataka kumlipa Lionel pale pale. Lionel akakataa kuigusa. Akasema mkataba una jina lake, na yeye anataka kodi igawanywe kwa kumi na nne, pauni tisini na nne na ushee kila mwenye farasi, na bahasha inunue nyasi za akiba.

"Wataondoka," akasema Rowena.

"Kwa pauni tisini na nne? Saskia, wewe unaondoka?"

"Kule kwenye kamera kuna orodha ya kusubiri, na wanatoza zaidi kila mwezi," Saskia akasema. "Nimeshauliza."

"Umeshauliza?" Rowena akamgeukia.

"Wavu ulikuwa mwepesi, Rowena! Unadhani sisi ni vipofu?"

"Na masharti mengine," Lionel akaendelea, anahesabu kwa vidole vyenye mafuta. "Kila Jumapili unaandika kwa chaki mlangoni pa ghala marobota yaliyobaki. Ukuta unaubomoa. Na uzio wa umeme tunauhamisha sisi wenyewe kwa zamu, wewe na goti lako mkae pembeni."

"Samahani, wewe ni mteja wangu au bosi wangu?"

"Mimi ndiye mwenye nyasi, mpenzi."

Sijawahi kuona mtu amekasirika na kufurahi kwenye uso mmoja namna ile. Miaka ishirini na sita amebeba bweni lile mgongoni na hakuna aliyemwambia weka chini kidogo. Na sasa amewekewa masharti na dereva wa basi mbele ya makaburi, na anachotaka ni kumpiga na kumkumbatia. Akachagua kumpiga, begani, kwa ngumi. Lionel akadondosha kitunguu.

Clifford alikuja Jumatatu. Trekta yake ilisimama langoni, akakaa juu yake muda bila kushuka, amenuna. Rowena akamwacha anune mpaka amalize kufagia.

"Kondoo wangu niwapeleke wapi?" akasema hatimaye.

"Farasi wangu wanatoka pale mwisho wa Februari. Wanaacha mabaki, wanachagua kama maharusi. Kondoo wako wanakula kile farasi anachokataa, na wanameza minyoo ya farasi bila kuumwa. Machi nzima, chukua."

Clifford akasubiri. Anamjua. "Kwa bei gani?"

"Una marobota ya mwaka juzi kwenye banda la juu. Mia moja."

"Yale yana vumbi! Ukiyafungua unakohoa wiki!"

"Nitayaloweka kwenye maji. Mia moja, unaleta mwenyewe."

"Sabini."

"Tisini. Na sitamwambia mtu kwamba ulishindwa na mtu aliyelala."

"Kila mtu alikuwepo!"

"Mkeo hakuwepo."

Tisini. Alileta siku hiyo hiyo.

Grupu la WhatsApp liliwaka moto siku mbili. Wapo waliolalamika, wapo walioandika aya ndefu kuhusu uaminifu, na mmoja aliuliza kama farasi wake anaweza kulipa kidogo kwa sababu ni mdogo wa umbo. Rowena alijibu mara moja tu: "Nilidanganya. Samahani. Mia sita na tisini. Anayetaka kuondoka aseme leo, nina mwingine anayesubiri nafasi." Hayo ya mwingine sijui kama ni kweli, na sikuuliza. Hakuna aliyeondoka.

Na tarehe mosi Novemba, asubuhi, ukungu umekaa tambarare nzima na kilima peke yake kimetoka juani, tulikuwa pale langoni. Wateja tisa kati ya kumi na wanne, siku ya kazi! Saskia amevaa sare ya kliniki chini ya koti. Toffee amefungwa kikapu mdomoni ili ale kidogo kidogo tu, anatuchukia sisi sote. Nyuma yetu foleni ya farasi inafika barabarani, wanapiga kwato, wanavuta kamba, pua zinafuka moshi, wameshanusa.

Malisho hayafunguliwi yote. Ukiwaachia ekari ishirini watakanyaga kumi na tisa. Unawapa ukanda mwembamba, uzio wa umeme mbele, kesho unausogeza. Rowena alikuwa ametembea malisho yale usiku kucha kichwani mwake.

"Hatua kumi na mbili kila siku," akasema. "Nimepiga hesabu. Kumi na mbili, tunafika mwisho wa Februari."

Lionel akashika nguzo ya plastiki, akaanza kwenda, moja, mbili, tatu, miguu yake mirefu inameza ardhi.

"Wee! Wee! Unakwenda wapi?"

"Hatua kumi na mbili."

"Hatua za nani?"

"Zangu. Mkataba wangu."

"Kwa hatua zako tutamaliza Krismasi! Rudi hapa, twiga wee!" Na akaingia mwenyewe, goti na yote, akahesabu kwa vimguu vyake vifupi kwenye umande, kwa sauti, ili kila mtu asikie. Nguzo ya Lionel ikarudishwa nyuma hatua nne nzima. Lionel akaangalia pengo lile, akatuangalia sisi, na naapa uso wake ulisogea.

"Mwenye nyasi amekubali?" Rowena akauliza.

"Mwenye nyasi anaogopa kupigwa tena."

Rowena akabonyeza swichi ya umeme, uzio ukaanza kulia tik, tik. Akaja langoni. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya robota, bila shaka, na fundo likamshinda vidole, akaling'ata kwa meno. Bosun alikuwa wa kwanza, amesimama na kwato moja hewani, anasita kwa sababu hajawahi kuona ardhi hii.

Rowena akapiga ulimi. "Haya, twende mama. Twende."

"Bosun ni dume," akasema Lionel.

Bosun akaingia. Akashusha kichwa chake kile kikubwa kwenye nyasi za magotini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hatukusikia kelele yoyote, ni kutafuna tu. Halafu wakaingia kumi na watatu waliobaki kwa mpigo mmoja, wakakimbia ukanda mzima mpaka mwisho na kurudi, mikia juu, madonge ya udongo yanatupiga usoni, Saskia anapiga mayowe na sare yake imekwisha, na Rowena katikati yao akipaza sauti: "Msikanyage! Kuleni! Msikanyage, pumbavu nyie, kuleni!"